Dumu la Mtu Halisogezwi

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada, lakini usivute kitambaa cha machozi mapema, maana anayekuandikia si mnyonge, ni mtu mwenye bahati kuliko wote wa mtaa wetu, hata maadui zangu wanalikubali hilo wakiwa wamekaza meno: miezi minne hii ya ukame mabomba ya mtaa mzima yanakohoa upepo mtupu, bomba langu linatiririka, naoga asubuhi, naoga jioni, na nikipenda naoga mchana kwa raha zangu tu, wala sikumwendea mganga wala sijuani na mkubwa yeyote, ni Mungu alinitazama akasema huyu namtaka awe safi.

Wananiita Mvua, kwa sababu naendesha boza la maji, lita elfu kumi, na watoto wakiliona linakata kona wanapiga kelele "Mvua hiyoo! Mvua hiyoo!" nami nawapigia honi kwa upendo ingawa tone sijawahi kuwapa, maana maji yale si yao, ni ya nyasi. Shule niliiacha darasa la sita, sikufukuzwa, niliona wananichelewesha, lakini nimeendesha malori nchi tatu, nimelala mipakani wiki nzima nikisubiri mhuri, najua kuomba radhi kwa lugha saba na kukataa kosa kwa lugha tisa, kwa hiyo ukinijibu usinijibu kama unamjibu mtu ambaye hajatoka kwao.

Kazi yangu ni kuchota maji kisimani kule bondeni na kuyapandisha mlimani kwenye kiwanja cha klabu ya gofu. Sijui kama umewahi kuuona mchezo huo, Shangazi, ni watu wazima wanaopiga kimpira kiende mbali halafu wanalalamika kwamba kimekwenda mbali, na unakula nyasi kuliko ng'ombe. Sisi mtaani tumebakiwa na bomba moja la wote, mgao wetu ni Jumanne, tena Jumanne ya kubahatisha, lakini nyasi zina mgao mara nne kwa siku na hazijawahi kupanga foleni hata mara moja. Getini wametundika bango kubwa linalosema KILA TONE NI UHAI, na bango lenyewe linaoshwa kila Ijumaa kwa mpira wa maji.

Sasa mwezi uliopita jua lilipozidi hata nyasi zikaanza kuungua, basi meneja wa klabu akaniletea gunia la unga wa kijani, akaniagiza nikishajaza boza kule kisimani nikoroge kopo moja ndani yake, ili nyasi zipate maji na rangi kwa pamoja, zionekane hai machoni pa wageni. Nikamwuliza, "Bosi, na zikifa?" Akasema, "Zife, lakini zife kijani."

Mke wangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko kando ya lile bomba la mtaa, kila mwanamke anayesubiri maji anasubiria kwenye benchi lake, kwa hiyo viuno vya mtaa mzima amevipima na siri za mtaa mzima anazo. Na hapa lazima nikueleze sheria moja, usipoielewa hutanielewa. Kwetu mtu hakai foleni mwenyewe, anaweka dumu lake, anaenda shughuli zake au benchini, na dumu linamsubiria kama mtu. Dumu la mtu halisogezwi. Unaweza kumtukana mwenzako, unaweza kumnyima chumvi, lakini dumu lake huligusi. Kuna seremala mmoja alisogeza dumu la ajuza kwa ncha ya kiatu tu, hivi, kidogo, na wiki nzima hakuna aliyemsalimu, akaenda kunyoa, kinyozi akafika nusu ya kichwa, akakumbuka, akazima mashine. Seremala alitembea na kofia mpaka nywele zilipolingana.

Basi siku moja kwa bahati mbaya, nami bahati mbaya huwa sina, bomba letu pale nyumbani likatoa maji yenye kijani kidogo, mke wangu akafua mashati meupe ya shule ya watoto, yakatoka yote rangi ya majani ya mgomba. Akayaanika, akanisubiri mlangoni. "Baba watoto, hii ni nini?" Nikamwambia mabomba haya ya zamani mke wangu, yameota ukungu ndani. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayeapa kwamba hajanenepa. Halafu akaniuliza, "Hivi nyasi zenu zinapata maji mara ngapi kwa siku?" Nami kwa kujisahau, kwa majivuno kabisa, nikamwambia mara nne, na maji yote nayapeleka mimi. Hakusema kitu. Wewe ni mwanamke, Shangazi, unajua mwanamke asiposema kitu huwa amesema nini.

Kesho yake nikipandisha mlima, nikakata kona ya mwisho, nikakanyaga breki mpaka kofia ikaruka. Barabara ya klabu imefungwa, si kwa mawe, si kwa matairi, imefungwa kwa madumu. Matupu, yamepangwa moja moja, yanakwenda na kurudi kukata barabara kama mshono, kutoka pale mbele yangu mpaka kule juu getini. Na dumu la kwanza kabisa, lililo mbele ya bampa yangu, ni langu! Lina jina MVUA kwa rangi nyekundu, nililiandika mwenyewe, herufi ya mwisho iko miguu juu kwa sababu nilipaka dumu likiwa limelala. Pembeni yake mke wangu kwenye kigoda na cherehani ya mkono, anapinda suruali ya mtu. Dumu la pili la mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe kalikalia.

Nikatoa kichwa dirishani. "Mama watoto, hii nini tena?"

"Foleni."

"Foleni ya nini? Huku hakuna bomba!"

"Bomba si hilo ulilolikalia?"

Wanawake wakacheka mpaka foleni ikayumba. Ikabidi nishuke, maana siwezi kumwamkia mkwe nikiwa nimekaa juu kama jogoo wa darini. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe wangu. Umetuletea?" Sasa unamjibu nini mtu kama huyo? Kila safari tangu siku ile, Shangazi, nashuka, naamkia, naulizwa umetuletea, napanda, nageuza gari kinyumenyume mpaka bondeni. Shingo imekaa upande.

Akaitwa polisi. Akaja na kitabu chake, akauliza, "Haya maandamano yana kibali?" Mama mkwe akamwambia, "Maandamano yanaandamana, mwanangu. Wewe umeniona nikienda wapi?" Afande akafungua kitabu, akapekua, akalamba kidole, akapekua tena, foleni humo hakuiona. Kesho yake akarudi na dumu. Akasema ni la mkewe. Akaja pia binti mmoja wa chuo, ana kamera na fulana yenye picha ya dunia inalia, akawataka wapaze sauti kuhusu tabianchi, mke wangu akamwambia, "Mdogo wangu, sauti tunayo. Dumu lako liko wapi?" Sasa binti huyo ni wa mia na themanini kwenye foleni. Hata mzee mmoja mcheza gofu, gari lake lilikwama nyuma ya foleni siku mbili, amechoka kupiga honi akamtuma dereva aweke ile ndoo yao ya barafu kwenye mstari, na tangu apate namba yeye ndiye mkali kuliko wote, ukikohoa karibu na ndoo anauliza unataka kuruka foleni?

Mimi ningecheka, kucheka najua. Lakini mke wangu alichukua watoto na mashati yao ya kijani akahamia kwa mama yake, leo siku ya kumi na moja, na kitanda kimekuwa kipana hadi nalala pembeni kwa woga wa kupotea. Nimempelekea salamu kwa jirani, kwa afande, hata kwa yule mzee wa ndoo ya barafu. Jibu ni moja tu: "Siku atakayonieleza kwa nini bomba letu linatoka na la jirani halitoki, siku hiyo nitarudi. Na akitaka kukanyaga, dumu lake liko la kwanza, akanyage." Sasa Shangazi, bahati inaelezwaje? Mtu akizaliwa mzuri utamwuliza kwa nini?

Na Jumamosi kuna mashindano ya wageni wakubwa. Meneja ameniambia, "Hayo ni plastiki tu, tia gia upite. Saa tatu asubuhi boza liwe uwanjani, au ufunguo uwe mezani kwangu." Kwa hiyo nishauri upesi: nikanyage, nibaki na kazi, au nisikanyage nibaki na mke ambaye hata hivyo hayupo? Nijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi Mvua, mwenye bahati.

*

Mvua,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilinusa.

Pole kwanza. Kitanda kupanuka si mchezo, na kuambiwa umpitie mkwe wako na tairi ni kazi asiyostahili kupewa mtu yeyote, hata wewe uliyeiacha shule darasa la sita kwa kuona inakuchelewesha. Pole imeishia hapo.

Umeniuliza habari za tairi, nami nakujibu habari za bomba. Mimi si fundi wa mabomba, ila nimefua nguo miaka arobaini na mitano, za mume, za watoto, na za wageni waliokuja kwa siku mbili wakakaa mwaka. Maji ya kutu nayajua, maji ya tope nayajua. Ukungu wa bomba unanuka, hautii rangi mashati kama mtu aliyeyachovya kusudi. Unga wa kijani ulikabidhiwa nani? Aliyeukoroga ni nani? Na boza hilo, kati ya bondeni na mlimani, linapita mtaa wa nani saa ambayo mke yuko kibandani na watoto wako shule? Haya. Bahati haihitaji mpira wa kumiminia, baba.

Unasema mkeo hakusema kitu. Alisema. Aliuliza swali moja mlangoni na ukampa ukungu. Mwanamke anayepima watu kutwa nzima unamdanganya kwa kipimo gani? Hakuuliza ili ajue, aliuliza ili wewe useme. Na kumbuka yeye ndiye anayekaa na wale wanawake kwenye benchi. Miezi minne amewatazama wakisubiri Jumanne isiyofika huku yeye akirudi kwenye ndoo zilizojaa, akiwaambia mume wangu ana bahati. Umemfanya mwongo bila kumwambia. Mimi ningehama siku ya pili, yeye kasubiri mpaka mashati yakauke.

Sasa nisikilize, na uache kugeuza shingo.

Hukanyagi. Siyo dumu lako, siyo la mkwe, siyo ndoo ya barafu. Meneja akikusukuma, mpe karatasi na kalamu, umwambie kwa adabu: "Bosi, niandikie hapa, 'Kanyaga dumu la mama mkwe wako,' halafu utie sahihi." Watu wa meza kubwa hutoa amri nyingi kwa mdomo, kwa kalamu huwa wanakumbuka wana safari.

Kabla ya Jumamosi uende mlimani kwa miguu. Boza liache. Ukimwendea mkeo na lita elfu kumi mgongoni atadhani umekuja kumhonga. Mwamkie mkwe wako, usimjibu kwa mizaha. Kisha useme, kwa sauti, foleni nzima isikie. Najua utataka kumvuta mkeo pembeni umnong'oneze. Hapana. Hiyo bahati uliitangaza mtaa mzima kwa honi, huwezi kuitubu kwa kunong'ona. Halafu nyamaza, usubiri utakachoambiwa. Unaweza kuambiwa rudi nyumbani ukalale pembeni ya kitanda kwa mwezi mwingine. Utalala.

Kazi ikienda, iende. Dereva aliyevuka mipaka mitatu hakosi usukani, na penye ukame boza halikosi mtu wa kuliita. Ila mume ambaye mtaa mzima umekataa kumsalimu, huyo hata kinyozi hamalizi kichwa chake. Hilo umenifundisha wewe.

Na ninyi wa klabu, mnaoruka ukurasa huu kwenda michezo: rangi hupakwa kwa brashi. Ziacheni lita elfu kumi kwa wenye koo.

Usiniandikie tena neno bahati mpaka ujue maana yake.

Shangazi

*

Jibu langu lilitoka gazetini Alhamisi. Jumatatu karatasi hii ililetwa ofisini kwa mkono, ina alama za vidole vya kijani pembeni. Naichapa ilivyo.

Shangazi, shikamoo. Ushauri wako niliufuata, lakini si wote, nisamehe. Karatasi nilimpelekea meneja. Alitoa kalamu, akaandika "Kanyaga", akaishia hapo, akaniuliza mkwe wangu ana watoto wangapi. Nikamwambia tisa, na wote wana madumu. Akafunika kalamu.

Kwenda kwa miguu nilishindwa. Nilifika njia panda mara mbili, mara mbili nikarudi, miguu haijazoea kusema kweli, imezoea klachi. Jumamosi asubuhi nikajaza boza, unga sikutia hata chembe, nikapanda mpaka kwenye dumu langu, nikazima injini, nikashuka, nikaamkia. Mama mkwe akaniuliza kama kawaida, "Umetuletea?" Nikasema, "Nimeleta, mama, lakini kwanza nina neno." Nikalisema. Nilidhani watanirukia. Mke wangu akaendelea kuzungusha cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Boza si sindano, mkwe wangu. Linasimama ukutani kwako kila saa sita mchana, ulidhani tunaona kunguru? Tulikuwa tunasubiri utuambie wewe."

Mke wangu akanionyesha dumu langu kwa mkasi. "Halisogezwi," akasema. "Ila na mwenyewe."

Nikalibeba, Shangazi. Nikapita foleni nzima, na kila mtu ananiangalia, afande, binti wa chuo, mzee wa ndoo ya barafu akaniambia nyuma huko, nyuma kabisa. Nikaliweka mwisho, la mia tano. Nikarudi nikafungua koki, nikaanza na la mama mkwe. Maji yaliishia kwangu, nikapata nusu dumu. Ufunguo niliupeleka mezani kwa meneja nikiwa nimelowa suruali yote. Nyasi sasa hivi ni rangi ya chapati, wageni walipiga picha na foleni.

Kazi sina. Mke hajarudi, ila jana alimtuma mtoto na shati langu, ameshona kifungo kilichokatika, na kwa uzi wa kijani. Sijui maana yake, nimelivaa.

Na yale niliyokuandikia mwanzo wa barua, nayafuta. Sikuwa na bahati yoyote. Bomba langu limekauka tangu siku mgao ulipoanza, maji yote nilikuwa naiba kwenye boza na kuyamimina kwenye tangi la nyumba, na leo siku ya tano sijaoga.